Chakula cha menyu ya kuonja Wolfgat, Afrika Kusini: je, sisi tusiokunywa divai tunaweza kwenda?

Mwenyeji wa Pangani ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, assalamu alaykum, na salamu kwenu nyote.

Mimi na mke wangu tunatarajia kwenda Cape Town mwezi Agosti, na shemeji yangu anayeishi huko amesema atatupeleka kula katika mgahawa uitwao Wolfgat, ulio Paternoster, kijiji cha wavuvi kilicho kama kilomita 150 kaskazini mwa mji. Nimesoma kwamba mgahawa huo hupokea wageni 20 tu kwa mlo mmoja, kwamba hakuna orodha ya kuchagua, na kwamba kila mgeni huletewa sahani 7 ndogo, moja baada ya nyingine, kama mpishi alivyopanga siku hiyo. Shemeji anasubiri jibu letu ili aweke nafasi, nami sitaki kumjibu kabla sijaelewa mambo matatu.

Kwanza, sisi ni Waislamu. Hatuli nguruwe, hatuli nyama isiyochinjwa kwa sheria, na hatutumii divai hata kama imepikwa ndani ya mchuzi. Nimelelewa kwamba mgeni hula alichoandaliwa na kushukuru, kwa hiyo naona uzito kumpelekea mpishi masharti, tena kwa karamu ambayo mtu mwingine ndiye anayeilipia. Pili, mke wangu anauliza kama tutatoka hapo tukiwa tumeshiba, na mimi nauliza kama gharama ya chakula cha namna hiyo ina sababu ya kweli. Tatu, naomba kujua taratibu zake: muda, mavazi, na kama inafaa kupiga picha.

Ninawaomba majibu wale waliowahi kula au kufanya kazi katika migahawa ya aina hii, iwe huko au kwingineko.

Kome na Chaza amejibu:

Wa alaykumu s-salaam, kaka. Ninaishi Cape Town na nimewahi kula Wolfgat, hivyo nitakueleza niliyoyaona.

Mgahawa uko ndani ya nyumba ya zamani yenye kuta nyeupe, juu kidogo ya ufuko, na jina lake limetokana na pango lililo chini ya kiwanja chake. Mpishi na mwenye mgahawa, Kobus van der Merwe, alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kugeukia upishi. Alianzia katika duka la wazazi wake liitwalo Oep ve Koep, papo hapo Paternoster, kisha mwaka 2016 akafungua Wolfgat. Februari 2019, mjini Paris, Wolfgat ilitangazwa kuwa mgahawa bora wa mwaka katika tuzo za World Restaurant Awards. Watu wengi walishangaa, kwa sababu hicho ni kijiji kidogo, wafanyakazi wake wengi ni wanawake wa hapo hapo ambao hawakupitia chuo chochote cha upishi, na bei ya wakati ule haikufika dola 100 kwa mtu, ilhali migahawa iliyozoea kupata sifa za namna hiyo hutoza mara kadhaa ya hapo.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba karibu kila nilichokula kilitoka mahali nilipoweza kupaona kutoka kwenye kiti changu. Bahari ya upande ule hupitiwa na mkondo wa Benguela, ambao ni wa baridi. Maji ya kilindini yenye rutuba hupanda hadi juu, na ndiyo maana kome, chaza na mwani mrefu hustawi kwa wingi usiopatikana katika bahari yetu ya uvuguvugu yenye matumbawe. Nyuma ya ufuko kuna uoto unaoitwa strandveld, wenye mimea ya majani manene yaliyojaa maji na chumvi kidogo. Mimea hiyo ilikuwa chakula cha wenyeji wa kale wa pwani hiyo karne nyingi kabla ya meli za Ulaya kufika, na mpishi huyu huichuma kidogo kidogo, akaiweka pembeni ya samaki mahali ambapo mpishi mwingine angeweka kitu kilichosafirishwa kutoka mbali. Mwezi mliochagua ni mzuri. Jimbo hilo la Rasi ya Magharibi hupata mvua zake wakati wa baridi, tangu Mei hadi Agosti, kwa hiyo mtakuta mimea ikiwa mibichi, na maua ya porini yakiwa yameanza kufunika pwani ile.

Menyu hubadilika kwa majira, hivyo siwezi kukuahidi sahani fulani. Hata hivyo, natumaini mtaonja bokkoms, ambao ni samaki wadogo wa jamii ya mkizi wanaotiwa chumvi na kuanikwa wakiwa wazima hadi wakauke kabisa. Mtu wa Pangani atawatambua upesi, kwa kuwa ladha yao inakaribiana na ya ng'onda.

Kuhusu taratibu, fikeni kabla ya saa mliyopangiwa, kwa sababu wageni wote huanza pamoja na jiko dogo haliwezi kurudia sahani ya kwanza kwa ajili ya mmoja. Tengeni mchana mzima. Hakuna anayedai koti wala tai, ila chukueni nguo nzito, maana upepo wa Agosti pale ni mkali. Picha zinaruhusiwa, zima mwanga wa kamera, piga moja, kisha ule wakati chakula kingali na joto lake. Nasi tulishiba. Mkate huletwa, na sahani hizo ndogo zinapofuatana kwa saa kadhaa, tumbo hujaa taratibu kuliko mtu anavyotazamia.

Jikoni Kaskazini amejibu:

Ndugu yangu wa Pangani, swali lako la kwanza ndilo lenye uzito, nami naomba kulijibu kwa urefu, kwa kuwa ni mzaliwa wa Mombasa niliyefanya kazi kwa muda mrefu katika jiko la aina hiyo hapa Copenhagen.

Mgeni anayekula mahali pa kawaida hujilinda mwenyewe: husoma orodha, huuliza, huacha asichokitaka na kuagiza anachokitaka. Katika menyu ya kuonja amemkabidhi mpishi uamuzi wote. Kwa hiyo mazungumzo ambayo yangefanyika mezani hayana budi kufanyika siku ya kuweka nafasi, na mpishi mwenye kuipenda kazi yake huyasubiri mazungumzo hayo. Ukinieleza mwezi mmoja kabla kwamba hutumii divai, nitakutungia sahani iliyokamilika, na huenda nikaifurahia kuliko ile niliyowapikia wengine, kwa kuwa imenilazimu kufikiri upya. Ukinieleza ukiwa umeshaketi, ninaloweza kufanya ni kuondoa kitu tu, na sahani iliyoondolewa kitu hubaki na pengo ambalo wewe utalila na mimi nitalijua. Adabu ya mgeni uliyofundishwa nyumbani haivunjiki hapa. Kumpa mwenyeji wako nafasi ya kukukirimu vizuri ni sehemu ya adabu hiyo.

Wengi hawajui ni kwa nini kuchelewa kusema kunaleta shida kubwa kiasi hicho. Mchuzi unaouona kama kijiko kimoja cheusi kando ya samaki au nyama huenda ulianza kupikwa siku mbili kabla: mifupa ikaokwa, ikachemshwa kwa saa nyingi, divai nyekundu ikamiminwa, kisha yote yakachemshwa hadi yakapungua na kuwa mazito. Saa sita mchana hakuna mtu awezaye kuitoa divai hiyo. Tena isidhaniwe kwamba pombe yote huruka ikipikwa. Sehemu yake hubaki, kulingana na muda na namna ya kupika, na kwa imani yako najua hoja yenyewe si kiasi.

Zaidi ya hapo, divai hujificha mahali ambapo mgeni hapatazami. Kome, katika mapishi ya Kifaransa yaliyoenea kote, hufunguliwa kwa mvuke wa divai nyeupe. Wapishi walioathiriwa na Japani hutia sake na mirini, ambazo ni pombe za mchele, katika mchuzi wa samaki. Vanila ya maji hutengenezwa kwa alkoholi. Vitamutamu vinavyotikisika hushikwa na jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe au na ng'ombe asiyechinjwa kwa sheria. Mpishi akijua mapema anaweza kutumia aga, ambayo hutokana na mwani. Siki ya zabibu nayo ilikuwa divai kabla ya kugeuka. Hukumu yake utamuuliza shekhe wako. Kazi yangu ni kukuonyesha ilipo tu.

Kuhusu vinywaji, siku hizi migahawa mingi ya aina hii huandaa mfululizo wa vinywaji visivyo na pombe vinavyokwenda sambamba na sahani: maji ya matunda yaliyochanganywa na mimea, chai baridi, mchuzi mwepesi wa mboga. Huko mwendako kuna chai ya rooibos, ambayo asili yake ni milima ya Cederberg, katika jimbo hilo hilo. Jihadharini na kombucha, yaani chai iliyochachushwa, na vinywaji vingine vilivyochachushwa, kwa kuwa huwa na alkoholi kidogo inayotokana na kuchachuka kwenyewe, hata vikiwekwa katika orodha ya visivyo na pombe.

Umeuliza kama gharama ina sababu. Hesabu wageni 20 kwa sahani 7: ni sahani 140 zinazotoka katika jiko dogo kwa mlo mmoja, kila moja kwa wakati wake, na kila moja ikiwa imepangwa kwa mikono ya watu ambao asubuhi walikuwa wakisafisha mwani jani kwa jani. Mgahawa wa kawaida hulijaza tena kila kiti wageni wakiondoka. Huu una viti 20, na kila kiti kina mgeni mmoja kwa mlo, basi. Menyu isiyo na uchaguzi ndiyo inayoufanya mgahawa mdogo namna hii uweze kuishi, kwa kuwa mpishi anajua idadi kamili ya kome wa kununua na karibu hatupi kitu.

Nisifiche upande wa pili, kwa sababu naupenda ufundi huu na nataka udumu. Majiko mengi yenye sifa kubwa yamesimama kwa miaka juu ya vijana waliofanya kazi bila mshahara. Noma ya hapa Copenhagen, iliyotajwa mara kadhaa kuwa mgahawa bora duniani, ilianza kuwalipa wanagenzi wake mwaka 2022, na Januari 2023 mpishi wake René Redzepi akatangaza kwamba mgahawa kwa mtindo ule hauwezi kuendelea. Nawaheshimu Wolfgat kwa kuwa wameufundisha ufundi huu kwa wanawake wa kijijini kwao wenyewe, wakabaki wadogo hata baada ya dunia kuwajua.

Bint Mwani amejibu:

Kaka wa Pangani, shikamoo kwako na kwa wifi yetu, mkeo.

Mimi ni mtu wa Jambiani, na neno moja limenivuta katika maelezo ya hapo juu, nalo ni mwani. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza pwani yetu ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na tangu wakati huo mama zetu wameingia majini maji yanapokupwa, wakafunga mbegu kwenye kamba, wakavuna, wakaanika. Karibu mwani wote husafirishwa nje ukiwa mkavu, ukatolewe karajinani inayotumika viwandani kuzitia uzito maziwa, dawa ya meno na vitu vingine. Wanaoula hapa kwetu ni wachache, ingawa vikundi vya wanawake vimeanza kutengeneza sabuni, juisi na jemu za mwani. Ndiyo maana ninakuomba, ukifika huko, utazame kwa makini namna wanavyoupika: kama umekaangwa, umelowekwa, au umewekwa mbichi, na unakwenda na samaki gani. Mwani wao wa maji ya baridi si wa aina yetu, lakini mtu akiona mwani umewekwa mezani kwa heshima, ukiwa chakula chenyewe, atarudi na wazo. Tafadhali utuandikie hapa.

Kuhusu wasiwasi wa mkeo, namwelewa kabisa. Sisi tumezoea sinia: wali, mchuzi, samaki na kachumbari vyote vinafika pamoja, watu wanazunguka, na kila mmoja anajichanganyia tonge lake anavyopenda. Huko mpishi ndiye anayekuchanganyia tonge, akakuletea moja moja. Asiende akisubiri sinia lifike. Akijua tangu mwanzo kwamba kila sahani imekamilika ilivyo, hatakaa akitazama mlango wa jiko. Kama mnataka kujizoeza karibu na nyumbani, juu ya paa la hoteli ya Emerson Spice, Mji Mkongwe, huandaliwa mlo wa jioni wa samaki kwa awamu, kwa wageni waliohifadhi nafasi, na bei yake ni nafuu kuliko ya Ulaya.

Mhasibu Mstaafu amejibu:

Nimesoma majibu ya wenzangu na ninayakubali, ila naona jambo moja limepitwa, nalo linamhusu shemeji.

Migahawa ya viti vichache hutaka malipo ya awali, yote au sehemu yake, kwa sababu wageni wanne wasiotokea katika mgahawa wa viti 20 ni hasara ya sehemu moja ya tano ya mapato ya mlo huo. Kwa hiyo mkimjibu ndiyo, iwe ndiyo ya kweli, na mumwombe awasomee masharti ya kughairi kabla hajalipa. Muulizeni pia kama bei aliyolipa inajumuisha vinywaji na bahashishi, maana kwa kawaida haijumuishi, na Afrika Kusini wahudumu hutazamia asilimia 10 hadi 15. Ingekuwa vyema nyinyi wageni mchukue sehemu hiyo, ili ukarimu wake usimgeukie kuwa mzigo mezani.

Nina shaka moja ya haki. Kukaa saa kadhaa mezani kunampendeza anayependa kufuatilia upishi. Asiyependa hulemewa kufikia sahani ya nne, hata chakula kikiwa kizuri namna gani. Paternoster ni kijiji cha wavuvi, na samaki aliyechomwa juu ya makaa anapatikana huko bila kuweka nafasi. Muulize mkeo kwa nafasi, mkiwa wawili, anapenda lipi kati ya hayo, na jibu lake liwe ndilo jibu mtakalompa shemeji.

Mwenyeji wa Pangani amejibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimemsomea mke wangu kila jibu, naye amesema anataka kwenda, na kilichomvuta ni hao samaki wanaofanana na ng'onda pamoja na ombi la Bint Mwani, ambalo amelichukua kuwa lake. Shemeji naye amekubali kwamba vinywaji na bahashishi ni juu yetu.

Nimeandika ujumbe ambao shemeji atautuma pamoja na ombi la nafasi. Naomba Jikoni Kaskazini aupitie:

«Tutakuwa wageni watano. Wawili wetu ni Waislamu na hawali nguruwe, wala nyama isiyo halali, wala chakula kilichopikwa kwa divai au pombe ya aina yoyote. Samaki wote na vyakula vyote vya baharini tunavila kwa furaha. Tafadhali tuambieni kama jambo hili linawezekana, na kama haliwezekani tutaelewa.»

Jikoni Kaskazini amejibu:

Ujumbe ni mzuri, na sentensi yako ya tatu ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu mpishi anahitaji kujua unachokipenda kama anavyohitaji kujua unachokiepuka. Rekebisha mambo mawili. Taja jelatini kwa jina, kwa kuwa wapishi wengi wakisikia nguruwe hufikiria nyama peke yake. Kisha, mkishaamua na shekhe wenu kuhusu siki ya zabibu, semeni wazi kama mnaitumia au hamuitumii. Msipoitaja, mpishi mwangalifu ataiondoa kila mahali ili awe salama, na sahani za samaki wabichi na mwani zitapoteza uchachu wake bila sababu.

Ongeza pia kwamba wale watatu waliobaki hawana sharti lolote, ili jiko lijue ni sahani mbili tu kati ya tano zinazobadilika kila awamu. Halafu siku tatu kabla ya kwenda, shemeji apige simu na kuwakumbusha.